Chikmagalur: Kiti Kilichoazimwa, Kisha Kikafutwa

Wahindi wengi waliokuwa watu wazima mwaka 1978 wakisikia jina la Chikmagalur hukumbuka jambo moja: Indira Gandhi. Jimbo hilo la uchaguzi, lililokuwa katika milima ya kahawa ya Karnataka, kusini mwa India, ndilo lililomrudisha bungeni Novemba mwaka huo, miezi 20 baada ya wapiga kura wa kaskazini kumwangusha. Vitabu vya historia huingilia hapo na kutokea hapo hapo. Lakini Indira alikikalia kiti hicho kwa muda wa wiki sita tu, ilhali jimbo lenyewe lilipeleka wabunge Delhi kuanzia uchaguzi wa 1967 hadi Bunge lililochaguliwa 2004 lilipomaliza muda wake mwaka 2009. Baada ya hapo likafutwa kwenye ramani, na waliolililia hawakuwa wengi.

Kwa maoni yangu, kufutwa kwake ndiko kunakostahili kusomwa kwa makini kuliko ushindi wa Indira. Milima ile ilipoteza kiti chake mara mbili. Mara ya kwanza ilikiazima kwa mgeni mashuhuri, na kikarudi. Mara ya pili kilichukuliwa na hesabu za sensa, na hadi leo hakijarudi. Namna kilivyochukuliwa inaugusa ubishi mkubwa unaoitikisa India sasa, wa nani apewe viti vingapi bungeni na kwa kigezo gani.

Wilaya ya Chikmagalur iko kwenye milima ya Ghats ya Magharibi, na kilele chake cha Mullayanagiri, chenye mita zipatazo 1,930, ndicho kirefu kuliko vyote Karnataka. Mapokeo ya huko yanasema kwamba mcha Mungu Baba Budan, akirudi kutoka Hija katika karne ya 17, alificha mbegu saba za kahawa kutoka Mocha, Yemen, akazipanda kwenye milima ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kituo kikuu cha utafiti wa kahawa cha India kiko Balehonnur, ndani ya wilaya hiyo hiyo, tangu 1925. Msomaji wa Kilimanjaro au Nyeri hayuko mbali na habari hii: aina ya kahawa iitwayo Kent, iliyochaguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika shamba moja la Mysore, ilifika baadaye mpaka Kenya na Tanganyika. Hayo nayataja kwa sababu kahawa ndiyo inayoiunganisha milima hii na wilaya jirani, na ndiyo iliyopuuzwa mistari ya majimbo ilipochorwa upya.

Mwaka 1967 jimbo lilimchagua M. Huchegowda wa chama cha Praja Socialist, kisha upepo ukageuka. Mwaka 1971 chama cha Congress cha Indira kilizoa viti vyote 27 vya Karnataka, wakati huo ikiitwa bado Mysore, na Chikmagalur ikapata mbunge kijana, D. B. Chandregowda, mwenyeji wa Mudigere.

Halafu ikaja hali ya hatari. Juni 12, 1975, Mahakama Kuu ya Allahabad ilitengua ushindi wa Indira katika jimbo lake la Rae Bareli. Usiku wa Juni 25 akatangaza hali ya hatari iliyodumu hadi Machi 1977. Wapinzani walifungwa, magazeti yakakaguliwa, na huko kaskazini wanaume walikokotwa kwenda kufungwa uzazi. Uchaguzi ulipoitishwa, kaskazini ilimwadhibu bila huruma: Congress haikupata hata kiti kimoja kati ya 85 vya Uttar Pradesh wala kati ya 54 vya Bihar, na Indira mwenyewe alibwagwa na Raj Narain kule Rae Bareli kwa tofauti ya kura zaidi ya 55,000. Kusini ilikuwa nchi nyingine. Karnataka, iliyokuwa na viti 28 sasa, iliipa Congress viti 26, na Chandregowda akarudi bungeni.

Chama kikapasuka Januari 1978. Upande wa Indira ukaitwa Congress (I) na kuchukua alama ya mkono ambayo Congress inaitumia hadi leo. Mwezi uliofuata upande huo ukashinda uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Karnataka na ule wa Andhra Pradesh. Waziri kiongozi wa Karnataka alikuwa D. Devaraj Urs, na bila kumwelewa yeye huwezi kuelewa kwa nini Chikmagalur ilichaguliwa. Urs alikuwa amevunja mazoea ya siasa za huko, ambamo jamii mbili kubwa za wenye ardhi, Vokkaliga na Lingayat, zilikuwa zikigawana madaraka. Aliunda tume ya jamii zilizoachwa nyuma chini ya L. G. Havanur, akabadili sheria ya ardhi mwaka 1974 ili mkulima mpangaji amiliki shamba analolilima, na akajenga mtandao wa wapiga kura maskini walioamini kwamba neema hizo zinatoka kwa Indira. Mashamba ya kahawa yaliachwa nje ya ukomo wa ardhi, kwa hiyo kibarua wa mashambani hakupata eka hata moja. Kura yake hata hivyo ilikuwa ya Indira.

Basi Chandregowda akajiuzulu ili nafasi ipatikane. Sheria ya India haimdai mgombea wa Bunge kuishi jimboni wala hata ndani ya Karnataka. Inatosha awe amejiandikisha kupiga kura popote nchini. Indira hakuwa na nyumba Chikmagalur wala hakujua Kikannada. Alikuja na jina lake.

Chama tawala cha Janata hakikulala. Kilimsimamisha Veerendra Patil, Mlingayat aliyekuwa waziri kiongozi kuanzia 1968 hadi 1971, mtu mwenye heshima na asiye na doa la hali ya hatari. Kampeni akakabidhiwa George Fernandes, waziri wa viwanda, mzaliwa wa Mangalore kule pwani chini ya milima hiyo hiyo, aliyekuwa amepigana na Indira kutoka maficho na kutoka gerezani. Waandishi wa habari wa dunia nzima wakapanda mabasi kwenda kwenye mji mdogo ambao wahariri wao hawakujua kuutamka. Wafuasi wa Indira wakaja na kaulimbiu ya Kihindi iliyomfananisha na simba jike mmoja aliyezungukwa na nyani mia, na kumalizia kwa kuurudia wito wa jina la jimbo. Mimi huona jambo la kuzingatia humo: kaulimbiu iliyolitangaza jimbo hilo India nzima ilitungwa kwa lugha ambayo wanavijiji wengi wa jimbo hawakuizungumza. Ilikuwa inasema na Delhi, ikiwapita juu ya vichwa vyao.

Kura zilipigwa Novemba 5, 1978. Indira alimshinda Patil kwa zaidi ya kura 77,000.

Wachambuzi wengi wameuita ushindi huo msamaha wa Wahindi kwa hali ya hatari. Sikubaliani nao. Watu wa Chikmagalur hawakuwa na la kusamehe kwa kipimo kile cha Uttar Pradesh. Wengi wao walikuwa wameipigia Congress kura mwaka 1977 hali ya hatari ikiwa bado haijafutwa. Walichofanya ni kuendelea na msimamo wao, mara hii kwa mgombea mkubwa zaidi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mantiki hiyo haikuwa ya kijinga: jimbo dogo la milimani likimshika mkono mtu anayeweza kuwa tena Waziri Mkuu, barabara na umeme havitakosa mtetezi.

Mtetezi huyo hakupewa muda. Bunge la Delhi lilikuwa likichunguza tuhuma kwamba mwaka 1975, akiwa Waziri Mkuu, Indira aliwazuia na kuwasumbua maofisa waliokuwa wakikusanya taarifa za Maruti, kampuni ya magari ya mwanawe Sanjay. Desemba 19, 1978, Bunge lilipitisha azimio la kumfukuza na kumfunga hadi kikao kitakapoahirishwa rasmi, pamoja na msaidizi wake R. K. Dhawan na D. Sen, aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi. Spika alikuwa K. S. Hegde. Huyu alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu aliyejiuzulu mwaka 1973, serikali ya Indira ilipomruka yeye na wenzake wawili ili kumpa ujaji mkuu mtu wa chini yao. Tena asili yake ni Karkala, mji ulio chini ya milima ya Chikmagalur, ambao leo umo ndani ya jimbo lililorithi sehemu kubwa ya lile la zamani. Sidai kwamba Hegde alilipiza kisasi. Azimio lilikuwa la Bunge na wingi wa kura ulikuwa wa Janata. Lakini kila aliyekuwa ukumbini alijua nani amekaa wapi na kwa nini.

Indira alipelekwa gereza la Tihar, akatoka Desemba 26. Siku moja baada ya kukamatwa kwake vijana wawili wafuasi wake waliteka ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Delhi, wakaipeleka Varanasi wakiwa na silaha za bandia, wakidai aachiwe. Mwaka 1980 Congress (I) iliwapa wote wawili tiketi za kugombea Baraza la Uttar Pradesh. Huo ni ukurasa wa aibu katika historia ya chama hicho, na hauna utetezi.

Kwa upande wa Chikmagalur, hesabu ilikuwa chungu. Wapiga kura walishinda kwenye sanduku la kura Novemba, na Desemba mbunge wao akaondolewa na wabunge wa majimbo mengine. Mei 7, 1981, Bunge jipya lenye wingi wa Congress lilibatilisha azimio la 1978 na kutamka kwamba halikuwa halali. Indira alisafishwa jina. Wenye jimbo hawakurudishiwa kile kipindi ambacho sauti yao ilikatwa.

Wanaume waliouzunguka uchaguzi ule walitawanyika kwa namna inayoeleza mengi kuhusu siasa za Karnataka. Urs aligombana na Indira mwaka 1979 na kuanzisha kundi lake la Congress. Uchaguzi wa Januari 1980 ukamfuta: Congress (I) ilipata viti 27 kati ya 28, Urs akajiuzulu uwaziri kiongozi, na akafariki 1982. Veerendra Patil, mpinzani wa Indira kule Chikmagalur, alihamia kwake na kuwa waziri katika serikali yake. Mwaka 1989 akawa waziri kiongozi wa Karnataka kwa mara ya pili, kwa tiketi ya Congress. Chandregowda, aliyetoa kiti, alimfuata Urs, akaingia Janata, akawa Spika wa Baraza la Karnataka kuanzia 1983, na mwaka 2009 akarudi bungeni Delhi kama mbunge wa Bangalore Kaskazini kwa tiketi ya BJP, chama cha utaifa wa Kihindu. Alifariki 2023. Huyu ndiye mtu wa milima aliyewahi kujulikana kuliko wote katika Bunge la nchi, na kurudi kwake Delhi kulipitia Bangalore. Nitalirudia jambo hilo.

Indira mwenyewe hakurudi kugombea Chikmagalur. Mwaka 1980 alisimama Rae Bareli na Medak ya Andhra Pradesh, akashinda kote kuwili, akabaki na Medak. Njia aliyoifungua imepitiwa na familia yake kila kaskazini inapotetereka: Sonia Gandhi alisimama Bellary, Karnataka, mwaka 1999, akamshinda Sushma Swaraj na bado akachagua kubaki na Amethi, Uttar Pradesh. Rahul alishinda Wayanad, Kerala, mwaka 2019 akiwa ameanguka Amethi, na Priyanka alichaguliwa huko huko Novemba 2024. Wayanad nako ni milima ya kahawa.

Miaka iliyofuata baada ya Indira, Chikmagalur ilikuwa ngome ya kawaida ya Congress. D. M. Puttegowda na D. K. Taradevi Siddhartha walipokezana kiti hicho: Puttegowda 1980 na 1989, Taradevi 1984 na 1991. Mwaka 1996, wimbi la Janata Dal lililompeleka H. D. Deve Gowda kwenye uwaziri mkuu lilimleta B. L. Shankar. Mwaka 1998 kikachukuliwa na D. C. Srikantappa wa BJP, akakishinda tena 1999 na 2004.

Mageuzi hayo ya 1998 yana sababu zaidi ya moja, lakini mojawapo iko juu ya mlima ule ule wa Baba Budan. Kule pangoni kuna ziara ambayo kwa karne nyingi Waislamu na Wahindu waliitembelea pamoja. Jina lake rasmi linamtaja Dattatreya wa Wahindu na Baba Budan katika pumzi moja, na mwisho wake ni neno dargah. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 makundi ya Kihindu yenye siasa kali yalianza kudai iwe ya Wahindu peke yao, na kila Desemba maandamano yakaongezeka. C. T. Ravi, aliyejijengea jina katika harakati hizo, aliingia Baraza la Karnataka kwa kiti cha mji wa Chikmagalur mwaka 2004 na kukishikilia hadi 2023. Naumia kuliandika hili, kwa sababu ziara ile ilikuwa ushahidi hai kwamba watu wanaweza kuchangia mahali patakatifu bila kupimana imani. Siasa ilipata mtaji wa kura pale ambapo mahujaji walikuwa wakipata baraka.

Tufike sasa kwenye kufutwa kwenyewe, maana hapo ndipo kwenye nyama ya jambo.

Idadi ya viti vya kila eneo la shirikisho la India imefungwa tangu marekebisho ya 42 ya Katiba mwaka 1976, kwa msingi wa sensa ya 1971. Lengo lilikuwa kutoyaadhibu maeneo yaliyofanikiwa kupunguza uzazi. Marekebisho ya 84 yalirefusha kufuli hilo hadi sensa ya kwanza itakayofanywa baada ya 2026. Ndani ya kila eneo, hata hivyo, mipaka iliruhusiwa kuchorwa upya kwa sensa ya 2001. Kazi hiyo alipewa Jaji Kuldip Singh na tume yake, na matokeo yake yakaanza kutumika Februari 2008. Karnataka ilikuwa ya kwanza kufanya uchaguzi wa Baraza kwa mipaka mipya, Mei mwaka huo.

Tazama hesabu. Mwaka 2001 Karnataka ilikuwa na watu wapatao milioni 52.8. Gawa kwa viti 28, unapata karibu milioni 1.89 kwa kila kiti. Wilaya ya Chikmagalur ilikuwa na watu 1,140,905, yaani kama asilimia 60 ya kipimo. Udupi, wilaya ya pwani chini yake, ilikuwa na watu 1,112,243. Wakati huo huo wilaya ya mjini ya Bangalore ilikuwa imefikia milioni 6.5, ikivutwa na kampuni za programu za kompyuta na viwanda vya nguo. Bangalore na viunga vyake vilikuwa na viti vya Bangalore Kaskazini, Bangalore Kusini na Kanakapura. Vikatoka na vinne: Kaskazini, Kusini, Kati na Vijijini. Jumla haikuruhusiwa kupita 28. Udupi na Chikmagalur, zilizokuwa na kiti kila moja, zikafungwa pamoja.

Kila jimbo la Bunge Karnataka linaundwa na majimbo madogo manane ya Baraza. Udupi ilitoa manne kati ya matano yake: Kundapura, Udupi, Kapu na Karkala. Milima ikatoa manne: Sringeri, Mudigere, Chikmagalur na Tarikere. Kadur, jimbo dogo la tano la wilaya, likasukumwa kwenye jimbo la Hassan. Nusu kwa nusu, mwenye kuangalia karatasi ataona haki imetendeka. Jina likawa Udupi Chikmagalur.

Sasa angalia waliochaguliwa. Mwaka 2009 alishinda D. V. Sadananda Gowda wa BJP, mtu wa Sullia, upande wa pwani. Alipoitwa kuwa waziri kiongozi mwaka 2011 kiti kikabaki wazi, na Machi 2012 K. Jayaprakash Hegde wa Congress, mtu wa Udupi, akakishinda. Mwaka 2014 na 2019 alikuwa Shobha Karandlaje wa BJP, mzaliwa wa upande wa Puttur, pwani. Mwaka 2024 ni Kota Srinivas Poojary wa BJP, ambaye jina lake la kwanza ni la kijiji chake cha pwani ya Udupi. Wabunge wanne, na hakuna hata mmoja aliyetoka milimani.

Halafu fuatilia wameelekea wapi. Bangalore Kaskazini mwaka 2009 ilimchagua Chandregowda. Mwaka 2014 na 2019 ikamchagua Sadananda Gowda, aliyekuwa ameanza na Udupi Chikmagalur. Mwaka 2024 Shobha Karandlaje, baada ya wanachama wa chama chake jimboni kupiga kelele arudi alikotoka, alihamishiwa huko huko Bangalore Kaskazini na akashinda. Chaguzi nne mfululizo, jiji lililochukua viti limewakilishwa na watu waliopata au kutoa kiti cha Chikmagalur. Mwanasiasa akikua, anahamia kwenye kura nyingi na vyombo vya habari. Jimbo la milima limebaki daraja la kupandia.

Kuna atakayeniambia kwamba uzawa si hoja, na kwamba mtu wa pwani anaweza kuwatetea wakulima wa kahawa. Kweli, anaweza. Lakini mbunge huamua saa zake azitumie wapi kwa kuangalia kura ziko wapi na nani anamjua. Uvuvi, bandari na masuala ya Mangalore na Udupi yana watu wake tayari. Tembo wanaoingia mashambani, bei ya kahawa, ugonjwa wa mipopoo, na miji ya madini iliyokufa kama Kudremukh, ambako mgodi wa chuma ulifungwa mwishoni mwa 2005 kwa amri ya Mahakama ya Juu, ni mambo ya milimani.

Wala sisemi kwamba kuunganishwa kumebadili mshindi. Mwaka 2023 wilaya ya Chikmagalur iliipa Congress viti vyake vyote vitano vya Baraza, C. T. Ravi akiwemo kati ya walioanguka, huku Udupi ikiipa BJP vyake vyote vitano. Mwaka mmoja baadaye BJP ilishinda Udupi Chikmagalur kwa zaidi ya kura 250,000. Pengo la ukubwa huo haliwezi kuelezwa na pwani peke yake. Watu wa milimani wanapigia kura tofauti kwa Bangalore na kwa Delhi, kama Wahindi wengi. Malalamiko yangu yako kwingine.

Karnataka, pamoja na Tamil Nadu, Kerala na wenzao wa kusini, wanapinga vikali kugawa upya viti vya shirikisho kwa kichwa cha mtu. Hoja yao ni kwamba walipanga uzazi, wakasomesha wasichana, watu wao hawakuongezeka kama wa Uttar Pradesh na Bihar, na si haki wapunguziwe sauti kwa kufanya vizuri. Naikubali hoja hiyo. Lakini mwaka 2008, ndani ya Karnataka, milima ilipunguziwa sauti kwa sababu ile ile, na serikali ya Bangalore haikuilalamikia kanuni hiyo. Sensa ya 2011 ikaonyesha watu wa wilaya ya Chikmagalur wamepungua hadi 1,137,961, wakati wilaya ya mjini ya Bangalore ilifikia milioni 9.6. Vijana wanashuka mlimani kutafuta kazi mjini, na wanahesabiwa kule wanakolala.

Mwenye kutetea tume atajibu kwamba kura ya mtu wa Bangalore haipaswi kuwa nyepesi kuliko ya mtu wa Mudigere. Jibu hilo ni zito, na sina nia ya kulikwepa. Chikmagalur isingeweza kubaki na kiti cha watu milioni 1.14 wakati wengine wanabanana karibu milioni mbili. Ilibidi iunganishwe na mtu. Swali ni nani.

Kahawa ya Karnataka, ambayo ni karibu asilimia 70 ya kahawa yote ya India, inatoka katika wilaya tatu zilizofuatana kwenye safu moja ya milima: Chikmagalur, Hassan ya magharibi na Kodagu. Leo zimegawanywa kwenye majimbo matatu ya Bunge. Chikmagalur iko na Udupi, Sakleshpur iko na nyanda za Hassan, na Kodagu yote, yenye majimbo madogo mawili ya Madikeri na Virajpet, imefungwa kwenye mji wa Mysore. Katika kila moja wakulima wa kahawa ni wachache. Sasa hesabu: Chikmagalur yenye majimbo madogo matano, Kodagu mawili, Sakleshpur moja. Ni manane kamili, yaliyoshikana kuanzia Tarikere hadi mpaka wa Kerala, mengi yao yakiwa na mvua ile ile, zao lile lile, tembo wale wale. Najua ukivuta uzi huo Hassan na Mysore zitapungukiwa, na Udupi itabidi itafute wenzake kaskazini, upande wa Shimoga au Uttara Kannada, na pengine mipaka ya nusu ya Karnataka itabidi iguswe. Sheria ya kugawa majimbo inaitaka tume izingatie jiografia na mawasiliano, si idadi peke yake, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Sensa ijayo ikikamilika, tume mpya itaundwa. Itachapisha rasimu, itafanya vikao vya hadhara, na itakaa na wabunge na wajumbe wa mabaraza kama washauri. Amri yake ya mwisho ni vigumu sana kuipinga mahakamani, kwa sababu ya ibara ya 329 ya Katiba. Kwa hiyo vikao vya rasimu ndiyo nafasi bora, na vyama vya wakulima wa kahawa vya Mudigere, Sakleshpur na Madikeri, ambavyo mpaka sasa huenda Delhi kila kimoja na mbunge wake kuzungumzia bei na ruzuku, vitalazimika kufika pale vikiwa na ramani moja.